Arobaini na Moja

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Barua imekuja. Bahasha ya kaki, muhuri wa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma. "Umeteuliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kupitia Kozi za Lazima kwa Wanafunzi Wote." Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno posho. Halimo.

Nikaiwekea kikombe cha chai juu, nikaenda kufundisha. Wiki ya kwanza ya muhula. Ukumbi una viti 600, orodha ina majina 1,140. Waliokosa viti wamejaa kwenye ngazi na madirishani, na wengine wako nje kabisa chini ya mwembe wanasikiliza spika kama watu waliokuja kwenye mawaidha. Nikawasalimia. Mwangwi ukawahi kuitikia kabla yao.

Stadi za Mawasiliano. Mimi nawasiliana, wao wanastahimili.

Alhamisi, 9 Novemba

Kikao cha kwanza. Saa nane kamili ya kwenye barua ilikuwa saa tisa kasoro robo ya ukutani. Tuko tisa. Saa nzima imekwenda kwenye jina. Kozi za pamoja? Kozi za msingi? Kozi mtambuka? Ikashinda mtambuka, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika na maana yake, basi haikumuudhi mtu.

Kuna mmoja katoka Kemia. Mwembamba, miwani imefungwa uzi, alikuwa kimya mpaka chai ilipoletwa. Akauliza, "Kozi hizi ni za nani?" Mwenyekiti akamtajia: DS ni ya wenzetu wa Taaluma za Maendeleo, mawasiliano ni ya watu wa lugha, kompyuta ni ya watu wa kompyuta. Mkemia akasema hakuuliza zinafundishwa na nani. Anauliza nani anaziangalia.

Kimya. Kijiko kikalia kwenye kikombe.

"Hoja imepokelewa," akasema Mwenyekiti. Hoja ikishapokelewa na huyu bwana haionekani tena duniani.

Baada ya hapo zikatoka kalkuleta. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, mwaka krediti 120, na kila idara inalia kwamba kozi zake zimebanwa. Mtu wa Biashara anataka ujasiriamali uwe wa lazima kwa kila mwanafunzi, kuanzia wa fizikia hadi wa muziki. Nafasi itoke wapi? Akageuka upande wangu. Nikatabasamu vizuri kabisa. Chini ya meza nilikuwa nimekunja ngumi.

Ijumaa, 10 Novemba

Ngumi ya nini lakini? Kozi yenyewe siipendi.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Watu wote wamekuwa wataalamu wa El Niño, hata konda wa daladala. Nimejibanza kwenye steshenari ya nje ya geti nikisubiri ipungue. Ukutani, kwenye kamba, kati ya desa la Takwimu na desa la Sheria ya Mikataba: "DESA LA MADAM, MAWASILIANO". Jalada la njano, 1,500.

Kijana wa steshenari hanijui. Nikanunua. Akaniambia, "Hilo ukilisoma hukamatwi, dada. Madam habadilishagi."

Habadilishagi!

Nimelisoma kwenye foleni ya Ubungo, saa moja na nusu. Ni notisi zangu. Zangu za 2011, herufi kwa herufi, hadi ule mfano wa barua ya kuomba kazi kwenye gazeti lililokwisha kufa. Ukurasa wa 23 kuna zoezi la ufupisho, kifungu nilichotunga mwenyewe kuhusu elimu ya juu nchini. Nasoma: Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa 25 Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kwa kuanza na wanafunzi 41 wa sheria.

Arobaini na moja.

Walikuwa 14. Hilo nalijua toka nikiwa mtoto. Nikasema bila shaka ni kijana wa steshenari, amechapa upya akageuza tarakimu. Nitamrudia kesho nimpe somo.

Jumatano, 22 Novemba

Saa tisa usiku. Nimeamka, nimewasha kompyuta, nimefungua faili la asili.

41. Vidole vyangu mwenyewe.

Nahesabu. Miaka kumi na miwili ya kufundisha kozi hii. Kila mwaka zoezi lilelile, na mara tatu nimelitoa kwenye mtihani. Mitihani ilipita kwa wasahihishaji wa idara. Ikapita kwa mtahini wa nje, akala chakula cha mchana, akaandika "inaridhisha". Wamesoma humo watu wa historia, watu wa sheria! Sasa hivi kuna mawakili huko mahakamani wanaoamini kwamba wahenga wao darasani walikuwa 41. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata mmoja.

Swali la yule Mkemia limekaa kwenye kichaga cha vyombo jikoni, linanitazama.

Ijumaa, 1 Desemba

Kikao cha pili. Mgao wa umeme, kwa hiyo projekta hakuna, kwa hiyo Mtu wa Biashara amekosa slaidi zake 46, kwa hiyo kikao kimekuwa kizuri. Tumefungua madirisha tukazungumza kama watu.

Mzee wa DS (mwenzetu wa Taaluma za Maendeleo, anastaafu mwakani) ametusimulia. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Mlimani, pale chuo kikuu Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mishahara ya wakubwa, akianza na wake. Miezi mitatu baadaye, Azimio la Arusha. Machi 1967, mkutano mkubwa palepale Mlimani: chuo hiki kina kazi gani katika nchi ya ujamaa? Huko ndiko wazo la kozi ya pamoja lilikopata miguu, kwamba daktari na mwanasheria wote lazima wajue jamii inayowalisha. Kufikia 1973 kukawa na taasisi kamili. "Kwa hiyo DS si kozi ya kujazia ratiba," akasema, akapiga meza, majani ya chai yakaruka.

Sikumjibu. Nilikuwa naandika pembeni mwa ajenda. Kwamba kozi ile ilizaliwa na hofu. Serikali ilitazama vijana wake wenye majoho mekundu wakiipigia kelele langoni, ikaogopa. Dk. S., aliyesoma Marekani, akadakia kwamba na huko ni vilevile: Columbia walianza kozi yao ya pamoja ya ustaarabu wa kisasa 1919, vita ndiyo kwanza imekwisha, na Harvard wakatoa kitabu chao cha elimu ya jumla 1945, vita nyingine. Vyuo vya Kenya vikaweka somo la UKIMWI kwa kila mwanafunzi wakati majumba yanafungwa milango. Kila kozi ya lazima ina hofu yake. Mtu akitaka kujua nchi iliogopa nini mwaka fulani, asome ratiba ya mwaka wa kwanza.

Na ujasiriamali? Hofu ya ajira, wazi. Tunawaambia mapema kwamba kazi hakuna, kisha tunawapa mtihani juu yake.

Ila hofu haistaafu. Mzee anastaafu, kozi inabaki. Tunaongeza mpya juu ya ya zamani, kama nguo za mtoto anayekua zinazopangwa sandukuni bila hata moja kugawiwa.

Sasa kozi yangu mimi inaogopa nini? Kwamba hawajui Kiingereza. Hiyo tu. Nimeshtuka kuliandika.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Binti yuko nyumbani, likizo, Kidato cha Sita. Anakariri GS, General Studies yao ya sekondari, barazani, miguu juu ya kiti. Nikamweleza kamati yangu inafanya nini. Akasikiliza kwa heshima zote, kisha: "Kwa hiyo mama, DS ni GS iliyovaa tai?"

Baba yake kacheka mpaka akamwaga maji. Mimi nimejifanya sikusikia. Kesho nitamwambia Mkemia.

(Kwa nini nimwambie Mkemia?)

Jumatano, 27 Desemba. Tanga

Joto, embe, wajukuu wa watu kila chumba. Nimekaa na Baba mkubwa uani. Yeye aliingia Mlimani 1970, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea. Nikasema hapa ndipo, nitapata hazina. Nikamwuliza zile kozi za pamoja zilikuwaje.

"Tulikuwa tunasinzia, mwanangu."

Kumbe!

Akasema ukumbi ulijaa, feni mbovu, mhadhiri anasoma karatasi. Waliokaa mbele walikuwa wanaandika barua kwa wachumba. Nikamsukuma: na Walter Rodney, yule mwanahistoria? Uso ukabadilika. Hapo ndipo alipoketi vizuri. Rodney hakuwa wa kulazimishwa, akasema, Rodney ulikwenda kumsikiliza ukiwa umesimama. Jarida la Cheche likipita mkono kwa mkono mpaka linachanika mikunjo. Na kulikuwa na madarasa ya Jumapili, ya wale vijana wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, saa ileile ya ibada, makusudi. Hayakuwa na mtihani wala mahudhurio. Yalijaa. Yeye aliyakuta mwishoni, miezi michache tu, maana Novemba 1970 chama na jarida vyote vikapigwa marufuku. "Bibi yako alidhani naenda misa."

Nikauliza sasa alijifunza nini huko. Akafikiri sana. Akasema alijifunza kwamba akisema jambo mbele ya watu, kuna mtu atamwuliza umelitoa wapi.

Nikataka kumwuliza walikuwa wangapi wale wa kwanza wa sheria. Sikuthubutu.

Alhamisi, 11 Januari 2024

Kikao cha tatu. Kesho Mapinduzi, watu wanataka boti ya Zanzibar, kwa hiyo walikuja na mabegi. Nimesema langu.

Nimesema kozi ya mawasiliano isiwe mhadhara. Wanafunzi wagawanywe vikundi, kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa wiki mbili, asomewe na wenzake, aulizwe umelitoa wapi. Kimya cha adabu. Mtu wa Biashara akauliza kwa upole sana, kwa fedha za nani.

Mkemia akachukua kalamu. Wanafunzi 1,140, kikundi 30, vikundi 38. Saa moja kila kikundi, saa 38 kwa wiki. Nina wahadhiri wasaidizi watatu. Kusahihisha: ukurasa mmoja dakika sita, jumla dakika 6,840, yaani saa 114 kila duru. Nikaona wazo langu linazama mbele ya macho yangu, tena kwa hesabu safi.

Kisha akageuza karatasi. Kemia, akasema, wana wanafunzi mia nne na maabara ya watu arobaini. Hawajawahi kusema haiwezekani, kwa sababu huwezi kuwapa watu mia nne chupa moja ya asidi wakiwa ukumbini. Wanagawana. Basi vikundi 38 visifundishwe na idara moja. Kila idara itoe watu wawili. Mhandisi asome maandishi ya wahandisi, mkemia ya wakemia. Na juu yake iwepo bodi ya kudumu chini ya Seneti, ya wahadhiri kutoka kila kitivo, inayosoma notisi na mitihani ya kozi hizi kila mwaka. "Kusoma," akarudia. "Si kupitisha."

Nikahisi masikio yananiwaka. Ukurasa wa 23.

Nikaongeza la lugha. Kwamba mjadala wa vikundi uwe Kiswahili, maandishi yabaki Kiingereza kama sera inavyotaka. Mwenyekiti hakunisubiri nimalize. "Hiyo ni sera, Dokta, iko juu ya kamati hii." Ndiyo. Kila kitu cha maana kiko juu ya kamati hii. Chini ya kamati hii kuna krediti tu, na chai.

Jumanne, 16 Januari

Kijana wa mwaka wa kwanza kaja ofisini kulalamikia alama. Insha yake kuhusu maji: "According to the topic above, water is very important in our daily life." Ukurasa mzima wa namna hiyo. Nikamwambia aketi, anieleze kwa Kiswahili alichotaka kusema. Madam, akasema, kwetu kisima kilichimbwa na mradi, pampu ikaharibika, kamati ya kijiji ikakaa vikao saba kujadili nani mwenye pampu, na wanawake wakarudi mtoni. Alivyokuwa anaeleza! Mikono, takwimu, jina la kila ofisa, nani alikula nini. Nilisahau chai.

Akaondoka na alama zilezile. Sikuwa na mahali pa kuziandika hizo nyingine.

Vikao saba kujadili nani mwenye pampu. Alinijua nini huyu?

Ijumaa, 26 Januari

Siandiki vizuri leo. Mkono.

Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Pendekezo la bodi ya uangalizi, na kozi ya mawasiliano kutoka kwenye idara yetu kwenda chini yake. Asubuhi Mkuu wa Idara aliniita, akafunga mlango, akanionyesha karatasi. Tuko saba idarani. Nafasi nne kati ya saba zinahesabiwa kwa mzigo wa hiyo kozi moja. Ikiondoka, wale vijana wasaidizi watatu mikataba yao inaishia Juni. "Unawajua watoto wao kwa majina," akasema. Nawajua.

Wanaounga mkono: mikono minne. Mkemia, Dk. S., mama wa Uuguzi, na Mzee wa DS. Mzee wa DS! Yeye ambaye kozi yake ingekuwa ya pili kuchukuliwa. Aliinua mkono polepole kama anayechuma kitu juu ya mti.

Wanaopinga: wanne. Na mimi.

Nilijua ni watano kabla sijainua. Nilihesabu. Naomba nisijidanganye humu ndani angalau: nilihesabu kwanza, kisha nikainua.

Na wala haikuwa kwa ajili ya wale vijana peke yao. Ilikuwa pia ukurasa wa 23. Bodi ingeusoma.

Wakati wa kutoka Mkemia alikuwa ananunua karanga kwa mama wa getini. Akanimegea za kwangu kwenye gazeti. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 27 Januari

Sikwenda saluni. Sikwenda popote.

Jumatatu, 5 Februari

Wiki ya kumi na tatu. Umeme ulikuwepo, spika zinafanya kazi, hakuna kisingizio. Nikafunga faili la mhadhara. Nikasema: fungueni ukurasa wa 23 wa desa. Ukumbi ukacheka kwanza, hawakujua kama nalijua desa. Kisha shwaa, kurasa elfu moja zinafunguka kwa pamoja, sauti kama mvua ya kuanza.

Nikawaambia. Hiyo 41 si kweli, ni 14. Kosa ni langu, limekaa miaka kumi na miwili, na kati ya wote waliosoma, waliosahihisha na waliopitisha, hakuna aliyeuliza nimeitoa wapi. Mimi ndiye wa kwanza ambaye hakuuliza.

Kimya. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, au huruma, au nini sijui. Nilihisi koo linakaza kidogo, kama kwenye msiba.

Binti mmoja mstari wa nne akanyoosha mkono. Ushungi wa bluu, kalamu tayari.

"Madam, kwa hiyo kwenye mtihani tuandike ngapi?"

Jumatano, 7 Februari

Bado nacheka. Nikiacha kucheka nasikitika, nikiacha kusikitika nacheka. Nimemsimulia Mkemia kwenye korido, akaegemea ukuta, akavua miwani. Kisha akasema kwamba katika mwongozo wao wa maabara kuna uzito wa atomu umekosewa toka enzi za mwalimu wake. Kila mwaka wanafunzi wanapata jibu lisilolingana, na kila mwaka wanapindisha data mpaka lilingane.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu nikiwa mwanafunzi."

Ijumaa, 1 Machi

Mzee Mwinyi, rais wetu wa pili, ametutoka jana jioni. Bendera nusu mlingoti. Redioni taarabu imenyamaza, maombolezo siku saba. Mtihani wangu ulishafanyika Jumatatu, vitabu vya majibu viko kwenye maboksi manne chini ya meza, na leo sina moyo wa kuvigusa. Mama kanipigia kutoka Tanga kunikumbusha foleni za sukari kabla Mwinyi hajasema ruksa kwa biashara. Kila mtu ana Mwinyi wake leo, na wengi ni wa dukani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesahihisha 212. Sikuliweka lile zoezi, nililiondoa. Lakini nilitoa swali jipya, la kwanza tangu 2011: eleza jambo moja ulilofundishwa chuoni muhula huu ambalo huliamini, na kwa nini.

Wengi wameniogopa. "Everything I was taught was true and useful." Sawa. Wengine wameandika jina la Mungu, wakaacha hapo. Lakini kuna kumi na tatu, nimewatenga upande, mpira umefungwa. Mmoja anabishana na grafu ya Uchumi, kachora yake. Mmoja anasema haamini kwamba mhadhara wangu kuhusu kusikiliza ulipaswa kutolewa kwa spika. Kiingereza chake kimevunjika kila mahali, na kila mahali kinasimama.

Nimempa 17 kati ya 20. Bado nawaza kuhusu hizo tatu.

Jumanne, 19 Machi

Seneti imekaa. Ni Ramadhani, futari za watu zimeokoa siku, kikao kikaisha saa kumi na moja na nusu. Matokeo kwa mdomo, maandishi yatafuata: ujasiriamali ni wa lazima, kuanzia Oktoba. DS inabaki. Mawasiliano inabaki, krediti zilezile. Hakuna kilichotolewa. Itabidi ratiba ianze saa moja asubuhi.

Bodi ya uangalizi haikufika Seneti kama pendekezo, kura ilishaiua. Ila Mkemia aliiandika kama maoni ya wachache, ukurasa mmoja, sahihi nne. Mjumbe fulani akauliza swali, Makamu akasema irudi ipate maoni ya wadau. Huko kwa wadau ni mbali, lakini si makaburini.

Na mimi nimeteuliwa Mratibu wa Kozi Mtambuka. Barua ya kaki nyingine. Hii ina posho.

Mkuu wa Idara kanipa pongezi mbele ya watu. Wale vijana watatu wamenunua soda. Nikanywa yangu yote.

Alhamisi, 21 Machi

Nilimwendea Mkemia ofisini. Harufu ya maabara hadi kwenye pazia. Nikamwambia, ile kura ilikuwa mimi. Akasema alikuwa ananitazama, alijua. Nikamwambia sababu zote mbili, ya vijana na ya ukurasa wa 23. Ya kwanza alitikisa kichwa kuikubali. Ya pili aliicheka.

Kisha akafungua droo, akatoa ule ukurasa wa maoni ya wachache, nakala. Sahihi nne, na chini yake nafasi. Hakunisukumia. Aliuweka tu mezani, akaendelea kuosha chupa zake.

Sahihi ya tano baada ya kikao ni kituko, haina nguvu yoyote kikanuni. Nimeweka. Na tarehe ya leo nimeweka, wasije wakasema nimeghushi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua imerudi, hii ya masika sasa. Steshenari. Desa langu bado linaning'inia, jalada limepauka. Kijana safari hii amenitambua, kuna mtu kamwambia. Akasimama wima. "Shikamoo, madam." Nikaitikia, nikamwomba nakala yake mama, ile anayotolea nyingine. Akasita. Nikamwambia simnyang'anyi, nataka kurekebisha kitu.

Akanipa na kalamu nyekundu kabisa. Ukurasa wa 23. Nikakata 41, nikaandika 14 juu yake. Akachungulia.

"Kwa hiyo hili ni toleo jipya."

"Tuseme hivyo."

"Likiwa jipya itabidi liwe elfu mbili, madam. Wanafunzi watataka la mwaka huu."

Nikamwambia asubiri kwanza, asipige kopi. Nikavuta benchi. Ile barua ya kuomba kazi ukurasa wa 31 bado inaelekezwa kwa gazeti lililokufa. Na wa 24, ule mfano wa jedwali, sijui hata takwimu zake nilizitoa wapi.

Mvua haijakatika. Nimemwomba na chai.